Kimya cha Mbuzi ya Nazi

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru. Kimya kirefu kidogo. Kisha tena, kwaru.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha utotoni, kabla ya jogoo, kabla hata ya muadhini kukohoa kwenye kipaza sauti chake. Ni Mama, akikuna nazi uani. Juzi hapa Ukunda ninapopanga chumba, stima ilipotea alfajiri, blenda ya jirani yangu ikageuka pambo, naye akatoa mbuzi ya zamani akaanza kukuna. Nilifumbua macho nikidhani nimo ndani ya chandarua changu chenye viraka, nyumbani kwetu karibu na Msambweni. Nikatega sikio, nikangoja kile kimya. Hakikuja. Jirani alikuna nazi yake mfululizo kama mtu anayekimbizwa, akaimaliza. Usingizi nao ukawa umekwenda. Nikalala chali natazama mabati, nageuka huku, nageuka huku, mpaka nikajua kinachonisumbua. Nilikuwa nakitaka kimya cha Mama.

Basi kaeni niwasimulie, maana nisipoyatoa haya sitatulia leo.

Mama alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi barazani mwetu. Walimu walipitia kwake, vijana wa bodaboda walipitia, na wakata miwa wa Ramisi kabla hawajapanda lori. Harufu ya iliki na mafuta ya moto ilikuwa imejikita hata kwenye sare yangu ya shule. Nikikaa darasani, wenzangu wa dawati walininusa wakimeza mate. Baba alikuwa ameoa kwengine, huko Taru kwenye barabara kuu, nasi tulimwona kwa nadra. Kwa hivyo nyumba ile ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na Mama, pamoja na kuku wachache wasiokuwa na adabu na ile mbuzi ya nazi, kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma, kilichorithiwa kwa nyanya yake Mama. Kiti chake kilikuwa kimelainika kwa kukaliwa na wanawake wa ukoo mzima.

Nami nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Nikitumwa chumvi dukani nilirudi na hadithi, chumvi sina. Niliota nina hoteli yangu Diani, niliota nimeolewa na rubani, niliota kuku wetu wanaongea. Kwa hiyo Mama alipokuwa akinyamaza katikati ya nazi, nilijua vizuri kabisa anafanya nini. Anaota. Nilisema moyoni, ndiyo, nimemrithi yeye. Nikajifunika shuka nikaota pamoja naye, kila mtu na yake, mpaka kwaru irudi.

Asubuhi moja haikurudi.

Nilingoja, nikachoka, nikatoka. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi, kizio cha nazi kimelala mapajani, na vidole vyake vimejikunja kana kwamba vimeshika kitu nisichokiona. Alikuwa akivitazama kama wageni waliokaa mno bila kuaga.

"Mama, unaota?"

"Naota, mwanangu," akasema. "Hebu niletee maji ya moto."

Ndipo nilipoona vifundo vyake vilivyovimba vikang'aa. Magoti nayo yalikuwa hivyo hivyo chini ya leso. Alikuwa ameyaficha kwa muda ambao mimi sikuujua. Akaanza safari za zahanati. Alipewa vidonge vyeupe, vikamsaidia kidogo, tukafurahi. Kisha vidonge na maumivu vikazoeana kama majirani, kila mmoja akawa anaendelea na shughuli zake. Akapewa vya rangi nyingine, vikamchoma tumbo, maumivu yakabaki pale pale.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke mnene wa sauti nene, mwenye moyo mkubwa kuliko nyumba yake. Akaja, akaushika mkono wa Mama, akaupindua kama anayechagua samaki.

"Hii ni baridi yabisi, Mama Mishi. Imekuingia kwa yale maji ya kisima unayooga alfajiri. Nilikwambia, hukusikia."

"Uliniambia lini, Bi Mwanakombo?"

"Basi nilikusudia kukwambia."

Akaleta mafuta ya nyonyo. Mwengine akaleta habasoda. Mwengine akamkataza kunde, mwengine akamkataza pweza, mwengine ndimu, mwengine akasema ndimu ndiyo dawa yenyewe. Kama tungefuata marufuku yote Mama angebaki kula upepo. Alipakwa, akafukizwa, akaumikwa pembe za chuku mgongoni. Alinukia kama duka la mkemia na mganga wakiwa wameoana, hata paka wetu akahamia kwa watu. Na usiku nilimsikia akigeuka kitandani, kitanda kikilia, akitafuta upande usiouma. Nami niligeuka pia. Nyumba yote ilikuwa haitulii.

Hatimaye alikwenda hospitali kubwa, nikamfuata kumbebea mkoba. Mwanamke wa huko, aliyekuwa anashughulikia viungo, alimbonyeza kidole kimoja kimoja kwa upole, akamwuliza asubuhi yake inakuwaje na jioni yake inakuwaje. Kisha akamweleza bila kumficha. Ugonjwa huu hauondoki moja kwa moja. Watamwanzishia dawa nyengine, itachukua muda kufanya kazi, asikate tamaa akaacha. Lakini dawa peke yake haitoshi. Asikae kitako siku nzima. Atembee kidogo, apumzike kidogo, aipashe moto mikono kabla ya kuifanyisha kazi, kazi ngumu aigawe.

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu. Hauondoki.

Mama alirudi na maneno hayo nyumbani akayaweka kama nguo ya kutokea, hakuyavaa. Na sababu yake ilikuwa Bi Mwanakombo.

Nyinyi mnaotoka huku mtanielewa. Sisi mtu wetu akiugua tunamkalisha. Huruma yetu ni ya kumwekea mgonjwa mto mgongoni na kumpokonya ufagio. Bi Mwanakombo aliwapanga wanawake wa mtaa. Huyu atateka maji, huyu atafagia, huyu atapika. Mama akatandikiwa mkeka sebuleni, akafunikwa leso, akakatazwa hata kujimiminia chai. Alitawishwa, wallahi, kama mwali anayengojea harusi. Kilichokosekana ni hina na vigelegele.

Mimi nikawa askari wa mlangoni. Mama akinyanyua kijiko, nampokonya. Akinyoosha mguu, namfunika. Nilikwenda nikaichukua ile mbuzi nikaisukuma uvunguni mwa kitanda, ndani kabisa, asiione akaitamani. Nilijiona daktari.

"Yule bibi wa hospitali alisema nitembeetembee," Mama alisema siku moja, kwa sauti ndogo.

"Yule bibi wa hospitali ana jamaa hapa?" Bi Mwanakombo akauliza, mikono kiunoni. "Hana. Jamaa ni sisi. Watu waje waone unazurura na magoti haya, waseme majirani zako wamekutupa? Kaa!"

Nani angemjibu? Alikuwa ameleta samaki wa kupaka, amemkanda miguu, amemfulia. Mama akasema alhamdulillahi, akakaa.

Naye akazidi kukakamaa. Kila siku iliyopita kwenye mkeka ule ilimfanya kuwa mbao zaidi. Ikafika siku alitaka kuinuka kwa swala ya adhuhuri, magoti yakagoma katikati, hayendi juu wala hayarudi chini, ikabidi tumbebe mimi na Bi Mwanakombo kwa makwapa. Hakulia. Alifanya uso ambao sijausahau, wa mtu anayejaribu kutabasamu huku amefungiwa mlango nje ya nyumba yake mwenyewe.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa Mama, akikaa Waa, akilima mihogo na kuendesha duka dogo. Alikuja na kuku hai kwapani, na kabla ya kuvua viatu alikuwa ameshaiona nyumba yote.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuwa mwembamba hivi, kwani humu yaliwa nini?" Akamgeukia Mama. "Na wewe ndio umekuwa sanamu? Karai limeota kutu huko nje, wateja wako wanakula mkate wa duka. Mtoto nywele hazijasukwa."

"Dada, karibu ukae kwanza."

"Nitakaa nikishasema. Shule zikifungwa nakuja kumchukua Mishi. Atasoma Waa, atakula, atasukwa. Wewe utulie upone. Ukipona atarudi."

Hakukuwa na ubaya hata chembe katika maneno hayo. Kwetu mama mkubwa ni mama, jina lenyewe lasema, na wasichana wangapi wamelelewa na madada wa mama zao wakawa watu wazima wazuri tu. Mama aliitazama mikono yake. Nilingoja aseme hapana.

"Tutaona, dada," akasema.

Sasa fikirini akili ya mtoto. Ukipona atarudi. Na bibi wa hospitali alikuwa amesema hauondoki. Nilijumlisha mwenyewe hesabu hiyo, mimi niliyekuwa wa mwisho mwisho darasani, nikapata jibu lililo sahihi kabisa. Nikienda Waa sitarudi tena.

Tangu siku ile sikukaa. Mwalimu alinisimamisha nyuma ya darasa kwa kuwa nilikuwa natikisa dawati. Nyumbani nilikwenda jikoni nikasahau nilichofuata, nikatoka, nikarudi. Chakula hakipiti. Nikasema, kama dawa zimeshindwa, basi nitaitafuta mimi. Nilimchumia majani ya kila mti, mengine yalimwasha. Halafu nikafikiri hivi: si wanasema ni baridi? Basi dawa yake ni jua. Nikauburuta mkeka hadi uani na Mama juu yake, na jua likisogea nausogeza mkeka, tukalizungusha jua uwanja mzima mpaka Mama akasema, "Mwanangu, ukimaliza kunikaanga, nigeuze upande wa pili."

Alicheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa kinatetemeka. Shule zilikuwa karibu kufungwa.

Kisha yakaja maji ya bamvua. Wakati huo bahari hukupwa mbali sana, mwamba wote hubaki wazi, na kwenye mashimo yake hubaki vidimbwi vya maji ambavyo jua huvipasha. Tulikuwa tukienda watoto kuokota kombe za baharini. Siku hiyo niliingiza mguu kwenye kidimbwi kimoja nikautoa upesi, kisha nikaurudisha taratibu. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto mchanga. Nikasimama mle ndani, mchanga laini chini ya nyayo, nikamkumbuka Mama akisema niletee maji ya moto. Mungu alikuwa amepasha beseni lake hapa, mbali kidogo tu na nyumba yetu. Nilikimbia nikaacha kombe zangu zote.

Kumtoa Mama nyumbani ilikuwa kama kuiba. Tulingoja Bi Mwanakombo aingie kulala adhuhuri. Tukatoka kwa mlango wa uani, Mama amejifunga buibui, kanishika bega. Tunakwenda, tunasimama, tunakwenda. Tulipofika ufukweni alikuwa anahema, nikaogopa nimemuua. Lakini aliendelea. Kwenye mwamba nilimshika mikono yote miwili nikarudi kinyumenyume, akaingia kwenye kile kidimbwi na leso yake, akakaa, maji yakamfika kifuani.

Alifumba macho.

Mnajua watu wa kwetu hawakai majini bure. Mtu huingia baharini kwa kazi. Kukaa tu na kulowa ni mambo ya wageni wa Diani. Wanawake waliokuwa wakiokota kombe wakamwona.

"Jamani, njooni muone! Mama Mishi kawa mtalii!"

"Aletewe kitanda cha kuotea jua!"

"Na soda yenye mwavuli!"

Niliona aibu. Mama alikuwa mtu wa haya sana, nilijua ataniambia tuondoke. Akafumbua jicho moja.

"Leteni," akajibu kwa sauti, "lakini mnitoze bei ya wenyeji!"

Walicheka mpaka wengine wakaweka ndoo chini. Naye Mama akacheka, na alipokuwa akicheka nikaona vidole vyake chini ya maji. Vilikuwa vinafunguka. Taratibu, kimoja kimoja, kama kaa anapoona watu wameondoka. Akashika mchanga akauachia. Akaushika tena. Wanawake wawili wakaja wakakaa ukingoni na kutia miguu yao, wakaanza kuhesabiana maradhi, huyu kiuno, huyu goti, hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake siku zote hizo.

Jioni ile Mama alisuka nywele zangu mwenyewe. Mistari ilipinda, wala sikujali. Nilijua tumeshinda. Nililala nikaota namfukuza Mama Mkubwa barabarani kwa vigelegele.

Asubuhi nilipoamka, vidole vya Mama vilikuwa vimejikunja vile vile.

Nililia kwa hasira. Nilipiga mguu chini. "Si ulikwenda majini! Si ulikaa! Mbona hukupona?"

Mama alinivuta kwa kiwiko, kwa kuwa mkono ulikuwa hauwezi. "Nani alikwambia nilikwenda kupona?"

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Nilikwenda kukaa nayo vizuri, hii baridi yabisi." Alifikiri kidogo. "Mimi nilikuwa nangoja iondoke ndipo nianze kuishi. Kumbe haina haraka hii, Mishi. Asubuhi ni yake. Alasiri hunipa nafasi. Jana nimeiona. Basi nitachukua alasiri." Halafu akasema, "Nitolee mbuzi yangu hapo uvunguni."

"Ulijua?"

"Nalala juu yake siku zote hizi, nisijue?"

Ndivyo nyumba yetu ilivyopinduka. Mahamri yakahama asubuhi yakaenda alasiri. Vijana wa bodaboda walipita wakashangaa. "Mama Mishi, mahamri jioni? Kwani mwezi wa Ramadhani umeandama?" Akawajibu, "Umeandama kwangu, nyinyi kuleni." Mbuzi yenyewe ilikuwa fupi mno kwa magoti yake, kwa hivyo tulimpelekea seremala aipigilie juu ya kisanduku cha mbao, ikawa na kimo cha kiti. Unga alikuwa akiukanda kidogo, anauacha upumzike, naye anapumzika pamoja nao. Dawa za hospitali akaendelea nazo, na siku zake za kurudi huko alikwenda.

Aliyebaki ni Bi Mwanakombo, na hapo ndipo nilipoona akili ya Mama. Hakumkatalia huruma yake. Alimpa kazi nyengine.

"Bi Mwanakombo, hawa wengine sina imani nao. Wewe ndiye mwenye nguvu. Kila siku jua likipanda unishike mkono, unitembeze mpaka kwenye mnazi wa kona na kurudi."

Bi Mwanakombo akajaa kama mkate kwenye mvuke. Ikawa ndiyo fahari yake. Tulimsikia akiwatangazia watu kisimani, "Mimi ndiye ninayemtibu. Ningemwacha akae, angegeuka mbao!"

Shule zikafungwa. Mama alinifungia mkoba wangu kwa jioni kadhaa, nguo moja leo, nyengine kesho, kwa vile vidole. Sikujua kama ananifungia niende au anafunga tu kwa kuwa dada yake amesema. Sikuthubutu kuuliza. Niliuona mkoba umekaa karibu na mlango, nikapita mbali nao kama mbwa wa mtu.

Mama Mkubwa alikuja, na kati ya saa zote za siku, akaja asubuhi.

Alimkuta Mama kitandani, mikono ndani ya beseni la maji ya moto, uso umevimba kwa usingizi mbaya, hawezi hata kusimama kumpokea. Kila kitu alichokuwa amekisema kilikuwa mbele ya macho yake.

"Nilisema," Mama Mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa na ushindi, ilikuwa na majonzi. "Mishi, vaa viatu."

"Dada," Mama akasema. "Ngoja alasiri."

"Alasiri kuna nini?"

"Wewe ngoja."

Sijapata kuona siku ndefu kama ile. Mama Mkubwa alikaa barazani, akasimama, akatazama jua, akaja ndani, akatoka. Alifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Nami nilikuwa nimevaa viatu, nimekaa juu ya mkoba, nikinyanyua kidole gumba na kukishusha ndani ya kiatu. Bi Mwanakombo akaja kumtembeza Mama, wakaenda kwenye mnazi na kurudi. Mama Mkubwa akaguna. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mama aliswali kwenye kiti, akala kidogo, akapumzika. Vivuli vikaanza kurefuka.

Kisha Mama akatoka uani. Akaikalia ile mbuzi yake juu ya kisanduku.

"Hii nini tena?" Mama Mkubwa akasema. "Mbuzi ya nyanya mmeifanya punda?"

Mama akachukua kizio cha nazi.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kimya.

Mama Mkubwa alishaanza kuinuka, mkono umenyooka kuichukua nazi. Mama akausukuma ule mkono kwa kiwiko, bila kumtazama.

"Hapo napumzika, dada. Sijashindwa."

Mama Mkubwa akabaki amesimama na mkono hewani. Kuku akalia mahali. Kimya kikaendelea, nami nikatamani kupiga kelele, na nadhani Mama Mkubwa pia.

Kwaru, kwaru.

Akakaa chini taratibu. Akaisikiliza nazi ile yote mpaka mwisho, pamoja na vimya vyake vyote, na kila Mama aliponyamaza nilimwona dada yake akikaza mikono yake mwenyewe mapajani. Unga ukakandwa, karai likawekwa, wateja wakaja na utani wao. Mama Mkubwa alipewa hamri la kwanza. Akalitafuna akitazama mbali.

"Sukari imepungua," akasema. Akala la pili. Kisha akachukua kikapu chake, mkoba wangu akauacha mlangoni. "Na huyu mtoto wako mropokaji, huko Waa nani atamweza? Kaeni. Nitakuwa nakuja mimi."

Nilimkimbilia nikamkumbatia miguu, akanisukuma kwa aibu, macho yamemlowa.

Mama bado anaumwa. Kuna siku nzuri na siku ngumu, na dawa zimebadilishwa mara nyingine hapo katikati. Mimi sasa napaka maharusi hina hapa Ukunda, bado naota hoteli yangu, ingawa rubani nimemsamehe. Na ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nikikisikia ndani ya chandarua. Mama hakuwa akiota katika vile vimya. Alikuwa akiumia, akingoja ipungue, na akiamua kuendelea, kila alfajiri, hatua chache kutoka kwa mtoto aliyelala akitabasamu. Lakini siku hizi nikikumbuka uso wake juu ya ile mbuzi ndefu, nafikiri huenda baadaye, alipokwisha kuacha kujificha, alikuwa akiota pia. Nafasi ilikuwepo.

Nimalizie na asubuhi iliyofuata siku ile ya Mama Mkubwa, ambayo sijamwambia mtu.

Niliamka kabla yake. Mkoba wangu ulikuwa bado mlangoni. Niliufungua nikatoa nguo moja moja nikazirudisha kwenye kamba yangu, na chini kabisa nikakuta leso yake mpya, ile aliyokuwa hajaivaa, ameikunja vizuri. Alikuwa amenipa bila kuniambia. Nikaenda jikoni, nikawasha makaa, nikapasha maji, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyomwona akifanya. Nikaichovya leso ile, nikaikamua, nikaingia chumbani kwa kunyata. Mama alikuwa amelala, mikono imejikunja juu ya shuka. Nikamfunika yote miwili, vidole mpaka viganja, mvuke ukipanda kidogo.

Kisha nikakaa chini karibu na kitanda, nikatulia. Sikumwuliza kama inauma.